Pingu za Rostam: kisa cha amri ya Goshtasp

Rostam, shujaa mkuu wa Iran ya kale, alikubali kwenda. Wengi wanaokijua kisa hiki kwa kusimuliwa tu husahau hilo. Alikubali kuondoka kwake Zabol, apande farasi, aongozane na mwanamfalme Esfandiyar hadi barazani kwa mfalme Goshtasp, na huko aombe radhi ikiwa yuko kosani. Alikubali kutoa mali. Kitu kimoja tu alikikataa, nacho ni kuingia barazani akiwa na pingu mikononi. Kwa sababu ya pingu hizo vijana wawili wa Esfandiyar waliuawa, Esfandiyar mwenyewe akapigwa mshale wa machoni akafa, na nyumba ya Rostam ikaja kubomolewa na kijana ambaye Rostam mwenyewe alimlea.

Kisa kimo katika Shahnameh, yaani Kitabu cha Wafalme, utenzi mkuu wa Kiajemi ambao Ferdowsi, mtu wa Tus katika nchi ya Khorasan, aliumaliza mwaka 1010. Una beti zipatazo 50,000. Unaanza na mfalme wa kwanza wa dunia na kuishia pale Waarabu walipoiangusha dola ya Wasasani. Habari ya Rostam na Esfandiyar imekaa mwishoni mwa zama za mashujaa. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine katika utenzi huo ambapo suala la mamlaka limewekwa wazi namna hii: mfalme ni halali, maneno ya amri yake yamenyooka, na nia iliyo ndani yake ni kuua.

Kwanza tuelewe ufalme wenyewe unasimamaje humo. Mfalme wa Iran hukaliwa na farr, nuru ya kifalme itokayo kwa Mungu. Farr hairithiwi tu kama shamba, na ikishakuja inaweza kuondoka. Jamshid alitawala mamia ya miaka, akawafundisha watu kufuma, kujenga na kutibu, kisha siku moja akajigamba mbele ya wakuu kwamba duniani hamwoni mwingine ila yeye. Nuru ikamtoka, na watu wake wakaenda wenyewe kumwamkia Zahhak, mfalme dhalimu kutoka kwa Waarabu. Lakini farr peke yake haikumshusha Kay Qobad kutoka mlima Alborz alipohitajika mfalme. Aliyepanda kumchukua ni Rostam. Kay Kavus alipotekwa Mazandaran, aliyemtoa ni Rostam, na alipotekwa tena Hamavaran, aliyemtoa ni Rostam yule yule. Kwa hiyo akaitwa tajbakhsh, mgawa taji. (Taji hilo ndilo taji letu, neno lile lile.) Wakuu waliwahi kumtaka awe mfalme yeye mwenyewe, akakataa, alimkumbusha Kavus jambo hilo siku walipogombana.

Basi kiti cha enzi kina mhimili wa pili mbali na nuru, nao ni mtu mwenye nguvu ambaye hakitaki kiti hicho. Hakuna sheria iliyouandika mpango huu. Umebebwa na heshima tu: mfalme humwamuru shujaa, na shujaa hutii akiwa amesimama wima.

Goshtasp aliujua mpango huo, na alijua pia jinsi taji linavyoweza kumuwasha kijana wakati baba yake yu hai, maana yeye mwenyewe alimsumbua baba yake Lohrasp kwa jambo hilo. Aliponyimwa, alisusa akaenda Rum, yaani nchi ya Warumi, akamwoa Katayun binti wa Kaisari, na mwishowe Lohrasp akamwachia kiti, akaenda Balkh kufanya ibada. Sasa ilikuwa zamu ya mwanawe. Esfandiyar alikuwa ameipigania dola na dini mpya ya Zoroaster dhidi ya Arjasp, mfalme wa Turan, nchi adui wa Iran. Malipo yake ya kwanza yalikuwa minyororo: mtu mmoja aitwaye Gorazm alimchongea kwa baba yake, na Goshtasp akamfunga katika ngome ya Gonbadan. Kisha mfalme akaenda zake Zabol, akakaa miaka miwili akiwa mgeni wa Rostam. Arjasp akaona nafasi. Aliivamia Balkh, akamuua Lohrasp, akawateka mabinti wa Goshtasp, Homay na Beh-Afarid.

Hapo ndipo Goshtasp alipomkumbuka mfungwa. Alimtuma waziri wake Jamasp na ahadi ya kiti cha enzi. Wahunzi wakaletwa kukata minyororo, wakakawia, Esfandiyar akaishiwa subira akaikatua kwa nguvu zake. Akapigana. Akapita vituo saba vya hatari hadi Ngome ya Shaba, akaingia kwa kujifanya mfanyabiashara, akamuua Arjasp, akawarudisha dada zake. Kisha akaja kudai alichoahidiwa.

Sasa tufike chumbani kwa mfalme. Goshtasp alimwita Jamasp, ambaye pia alikuwa mnajimu, akamuuliza mwanawe atafia wapi na mikononi mwa nani. Jamasp alijibu kwa uchungu: atafia Zabolestan, yaani nchi ya Zabol, mikononi mwa Rostam. Mfalme akauliza swali moja zaidi: je, nikimpa taji leo, asikanyage kamwe nchi ya Zabol, atasalimika? Jamasp akasema hakuna aliyewahi kuikimbia mbingu. Ferdowsi anasema kwamba tangu hapo fikra mbaya na mzunguko wa zama vikawa walimu wa mfalme katika uovu.

Wapo wasomaji wanaoishia hapa, wakisema kila kitu kilikuwa kimeshaandikwa. Siafikiani nao. Swali la pili la Goshtasp linaonyesha kwamba njia nyingine ilikuwa mbele ya macho yake, nayo ni kutimiza ahadi na kumwachia Mungu yaliyobaki. Yeye alilitumia jibu la mnajimu kama ramani. Alijua mwanawe atafia wapi, akamtuma huko huko.

Amri aliitoa hadharani, kwa maneno ambayo hakuna ambaye angeweza kuyapinga waziwazi. Rostam amejiona, hafiki barazani, husema kwamba Goshtasp ana taji jipya na sisi letu ni la kale. Nenda Sistan, nchi yake hiyo hiyo, umlete amefungwa mikono, pamoja na ndugu yake Zavareh na mwanawe Faramarz, kisha nitakupa kiti, taji na jeshi.

Tutende haki: lalamiko lile halikuwa la uongo mtupu. Rostam alikuwa ameacha kweli kwenda kumwamkia mfalme. Arjasp alipoiteketeza Balkh, mkono uliowaokoa wafalme waliotangulia haukuonekana. Mfalme yeyote angeuliza, na angekuwa na haki ya kuuliza. Mtu huitwa akaulizwa. Goshtasp aliagiza pingu kabla ya swali, na kwa mtu ambaye alikula kwake miaka miwili.

Jibu la Esfandiyar ndilo linalonifanya niurudie utenzi huu kila mara. Hakuwa mjinga. Alimwambia baba yake kwamba anakiuka desturi ya kale. Kama anataka vita, akapigane na mfalme wa Chin (China), ana nini na mzee ambaye Kavus alimwita mkamata simba? Kisha akaleta hoja ya hati. Rostam anaishika nchi yake kwa hati ya Kay Khosrow, mfalme aliyemtangulia Lohrasp. Ikiwa ahadi za wafalme hazishiki, alisema, basi hata Goshtasp hafai kuombwa hati.

Hoja hiyo ina uzito kuliko panga zote zilizofuata. Neno la mfalme aliye hai linatoka mahali pale pale lilipotoka neno la mfalme aliyepita. Ukilivunja la jana kwa amri ya leo, umewafundisha watu kwamba na la leo litavunjwa kesho. Tena Esfandiyar alikwenda mbali zaidi, akamwambia baba yake usoni kwamba shida yako si Rostam wala baba yake Zal, unatafuta njia ya kuniondoa mimi. Alijua kila kitu. Akaenda.

Kwa nini? Mama yake, Katayun, alimsihi asiutupe uhai kwa ajili ya taji, maana hakuna aliyezaliwa nalo kichwani. Akamwomba angalau asiwachukue watoto. Akawachukua. Sababu aliyoitoa kwa kila mtu ni ya dini: Zoroaster amefundisha kwamba anayeipa kisogo amri ya mfalme makazi yake ni motoni. Naamini aliiamini. Lakini utiifu wake ulikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa imetajwa ndani ya amri. Kumkatalia Goshtasp kulikuwa ni kukiri kwamba neno la mfalme linaweza kuwa batili, na neno hilo hilo ndilo alilokuwa anategemea limpe kiti. Hakuweza kulikataa nusu na kulidai nusu.

Njiani jeshi lilifika njia panda. Njia moja ilielekea Zabol, nyingine ilielekea ngome ya Gonbadan, ile ile alimofungwa kwa miaka. Ngamia aliyetangulia akalala chini. Mchungaji akampiga kichwani kwa fimbo, hakuinuka. Esfandiyar akaona ni kisirani, akaamuru ngamia akatwe kichwa ili nuksi imrudie mnyama mwenyewe. Nimelifikiria tukio hili sana. Mtu aliyevaa minyororo kwa fitina amesimama mahali ambapo jela yake ya zamani iko upande mmoja, na upande wa pili yuko mtu ambaye yeye sasa anakwenda kumvisha minyororo kwa fitina nyingine. Mnyama amekataa kwenda. Naye hakugeuza hata uso kuitazama njia ya Gonbadan.

Walipiga kambi kando ya mto Hirmand, na mwanawe Bahman akapelekwa na ujumbe. Kijana alimkuta Rostam mawindoni akila punda mwitu aliyechomwa mzima, akaporomosha jabali kutoka juu ya mlima ili amuue na mambo yaishe. Rostam alilipiga teke kwa kisigino bila kuiweka nyama chini, kisha akamkaribisha kijana kula.

Siku zilizofuata zimejaa maneno kuliko vita, na ni sawa iwe hivyo, kwa sababu wote wawili walikuwa wakitafuta mlango wa kutokea. Rostam alimwalika Esfandiyar nyumbani. Esfandiyar alikataa kwa sababu ya heshima: nikila chumvi yako leo, kesho mfalme akashikilia amri yake, nitakuwa nimeivunja haki ya chumvi. Akaahidi kwamba pingu zitakuwa za muda tu, na siku atakapovikwa taji atamfungua na kumpa zawadi. Kisha yeye mwenyewe akasema atamkaribisha Rostam kwa chakula, na chakula kilipokuwa tayari hakutuma mtu kumwita. Kwa mtu wa Zabol hiyo ilikuwa dharau kubwa. Rostam akaja bila kuitwa. Akaonyeshwa kiti cha kushoto, akasema hapo si mahali pangu. Ikabidi kiletwe kiti cha dhahabu, akakaa akiwa amejaa hasira, mkononi ameshika turanji, tunda lenye kunukia mfano wa chungwa.

Hapo wakatajiana nasaba. Esfandiyar alimkumbusha kwamba baba yake, Zal, alizaliwa na nywele nyeupe akatupwa, akalelewa na ndege Simurgh. Rostam alimhesabia wafalme aliowaokoa, akauliza ni nani aliyemwambia aje kumfunga mikono, mikono ambayo hata mbingu haiwezi kuifunga. Esfandiyar akacheka, akaushika mkono wa mzee na kuuminya mpaka majimaji yakatiririka kuchani. Rostam hakujikunja. Kisha akauminya wa kijana, damu ikatoka, uso wa Esfandiyar ukaiva kwa wekundu. Wote wawili bado wanatabasamu. Esfandiyar akasema: kunywa leo, kesho nitakufunga na kukupeleka kwa mfalme, na huko nitakutetea. Rostam akajibu kwamba kesho atamnyanyua kutoka kwenye tandiko, ampeleke kwa Zal, amkalishe juu ya kiti cha pembe, amvike taji alilolipata kwa Kay Qobad, kisha wafuatane hadi Iran akampe ufalme. Wewe ukiwa mfalme na mimi shujaa wako, alisema, ni adui gani atabaki na roho?

Hilo halikuwa neno la kujisifu tu. Ni mgawa taji anayesema: taji unalolifuata kupitia mikono yangu iliyofungwa, mimi naweza kukupa kwa mikono yangu iliyo huru. Ndilo pendekezo bora kuliko yote katika kisa hiki. Esfandiyar hakuweza kulipokea, kwa kuwa taji litokalo kwa Rostam lingekuwa uasi juu ya baba, naye alitaka liwe lake kwa amri. Pashotan, ndugu yake, alimwambia wazi kwamba shetani ameiteka akili yake. Haikusaidia.

Nje, Rostam alijipigia hesabu na hakuona upande wenye nafuu. Nikitoa mikono ifungwe, jina langu limekufa, na dunia nzima itasema kijana alikwenda Zabol akamfunga Rostam. Nikimuua, nimemuua mwana wa mfalme, na uso wangu utakuwa mweusi mbele ya wafalme. Nikiuawa, Zabol imekwisha. Hapo ndipo mahali ambapo amri mbaya ya mfalme halali humfikisha mtu mwaminifu. Utiifu na ukaidi vyote vinaibomoa nchi ile ile.

Vita nitavipitia haraka. Siku ya kwanza mishale ya Rostam haikumpenya Esfandiyar, kwani mwili wake ulikuwa kama shaba. Rostam na farasi wake Rakhsh walitoboka kila mahali. Pembeni, kinyume cha mapatano, majeshi yalishikana, na Nushazar na Mehrnush, wana wa Esfandiyar, wakauawa na Zavareh na Faramarz. Anayemjua Fumo Liyongo wa pwani yetu ataitambua sura hii: mwili usiopenyeka, mahali pamoja palipo wazi, na mfalme aliyeogopa. Kwa Liyongo, mfalme alimtumia mwana kumuua baba, kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Huku mfalme ndiye baba, na anayeuawa ni mwana. Ahadi inafanya kazi ile ile.

Usiku Zal alichoma unyoya wa Simurgh. Ndege akaja, akachomoa mishale, akaponya majeraha, kisha akamwonya Rostam kwamba atakayemwaga damu ya Esfandiyar hatapata raha maishani wala baada ya maisha. Baada ya onyo hilo akampeleka kwenye mti wa gaz, mti wa nchi kavu wenye majani membamba, akamwagiza akate tawi lililonyooka, alitie ncha mbili, alilowanishe kwa mvinyo, na alielekeze machoni. Asubuhi Rostam alianza tena kwa kuomba. Nitakuja nawe, nitatoa hazina yote, nitasimama mbele ya mfalme, akiniua ataniua yeye. Pingu tu usinitie. Esfandiyar akasema, ama pingu ama vita. Rostam akamwambia Mungu kwamba yeye ameona alivyosihi, akauachia mshale.

Esfandiyar aliishi muda wa kutosha kusema ukweli. Alisema aliyemuua si Rostam, wala Simurgh, wala upinde, ni Goshtasp. Akamkabidhi Rostam mwanawe Bahman amlee na kumfundisha. Kwa baba yake alimpa Pashotan maneno: mbele ya wakuu ulinipa nasaha, kwa siri ukanituma kuuawa, utakapokuja tutasimama wote mbele ya Hakimu, tuseme, na tulisikie neno lake.

Jeneza la chuma liliingia kwenye kasri. Nyuma yake farasi mweusi wa Esfandiyar, mkia umekatwa. Wakuu walimlaani Goshtasp waziwazi. Pashotan alifika mbele ya kiti na hakuinama. Homay na Beh-Afarid, mabinti ambao Esfandiyar aliwatoa utumwani, walimwambia baba yao kwamba aliyemuua si Simurgh wala Rostam wala Zal, umemuua wewe, na uzionee haya mvi zako, kumuua mwana kwa kutumaini kubaki kitini. Goshtasp alikuwa bado ana taji. Hakuna aliyeinua upanga. Hata hivyo, mbele ya jeneza lile, hapakuwa na hata mmoja aliyelitetea neno lake.

Zavareh alimwonya ndugu yake asimlee mtoto wa adui. Rostam alimlea Bahman kwa sababu alikuwa ameahidi, akamfundisha kupanda farasi, kuwinda na kukaa barazani, hata babu yake akamwita amrithi. Baadaye Rostam aliuawa kwa hila na ndugu yake wa baba, Shaghad, aliyemchimbia mashimo yenye mikuki. Bahman akakalia kiti cha Goshtasp, akaja Sistan na jeshi kudai damu ya baba yake. Zal, mzee wa miaka mingi, alitoka kumlaki na kumkumbusha jinsi Rostam alivyomlea. Bahman akaamuru afungwe pingu pale pale. Hazina ikaporwa, Zabol ikatekwa, Faramarz akatundikwa.

Aliyesimama kumwombea Zal ni Pashotan. Akafunguliwa, akarudishwa nyumbani kwake, na Pashotan alipomsikia Rudabeh, mama yake Rostam, akilia ndani, alimhimiza Bahman waondoke Zabol.